Mikono ya Wakunga: Habari za Mabadiliko ya Huduma ya Uzazi Katika Nchi Yetu

Katika vitabu vya jubilei desturi ni kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, mapadri waliopewa daraja, shule zilizofunguliwa, watoto waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kabla mtoto hajafika kwenye kisima cha ubatizo, ametangulia kupita mikononi mwa mtu mwingine, aliyempokea usiku, akamkata kitovu, akamfunga nguo, akampa mamaye. Habari za mtu huyo hazimo katika daftari zetu. Basi sisi, mwalimu wa dini wa hapa Majengo, Sumbawanga, tumeona yafaa kuziandika, ili walimu wenzetu na wakristo wa parokia zetu wapate kuzifikiri.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao aliwaagiza wawaue watoto wanaume wa Waebrania, nao hawakutii. Walimu hufundisha hapo uchaji wa Mungu, na ndivyo ilivyo haki. Lakini liko na neno la pili. Majina ya wakunga yameandikwa. Jina la Farao yule halikuandikwa. Tena agizo la mfalme mwenye majeshi lilikwama mikononi mwa wanawake wawili. Kwa maana agizo lo lote juu ya uzazi, liwe baya au liwe jema, halimfikii mama ila kwa kupita mikononi mwa yule anayesimama karibu naye. Agizo baya lilifia hapo. Na maagizo mema nayo yaweza kufia hapo hapo, kama wenye mikono hawakuelezwa, hawakusikilizwa, wala hawakupewa vyombo vya kazi. Hilo ndilo tunalotaka kulionyesha kwa mambo yaliyotukia.

Zamani za wazee

Wazee wetu wa Ufipa hawakukosa wakunga. Mama alijifungua nyumbani, amezungukwa na wanawake wazima waliokwisha kuzaa. Mkunga alimjua tangu utoto, alijua ukoo wake, alimshika mgongo, alimpa uji, wala hakumwacha peke yake hata dakika moja. Jambo hili tulishike vizuri, maana tutalirudia. Lakini palikuwa na mlango ambao ujuzi wake haukuweza kuufungua. Mtoto akilala kingamakingama, kondo la nyuma likikataa kutoka, damu ikimwagika bila kukoma, mkunga hakuwa na dawa wala kisu cha kuokoa.

Tena katika makabila mengi ya nchi hizi za Afrika ya Mashariki, uchungu ulipokawia kupita kiasi, watu walidhani mama ameficha kosa la zinaa. Akashurutishwa kutaja majina mbele ya waliokuwapo. Tazameni taabu ya mama huyo: mwili wake umekwama, na aibu yake inatangazwa. Sisi wakristo tunaojua kwamba maungamo ni siri ya kitubio twaweza kusikitika kwa habari hiyo, lakini tusiwacheke wa zamani. Mbele kidogo tutaona kwamba mama aliye katika uchungu hutukanwa hata leo, kwa maneno mengine.

Mganga aliyekuwa katekista

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea boma la Karema, kando ya ziwa Tanganyika, lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Karema leo iko katika jimbo la Mpanda, lililozaliwa na jimbo letu la Sumbawanga mwaka 2000. Lakini kwetu sisi ndiko injili ilikotoka kupanda Ufipa.

Mwaka 1889 akafika Karema kijana mmoja Mwafrika, Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na wauza watumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria mwaka 1876. Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri kwamba Waafrika wenyewe wasomeshwe uganga, wawe waganga na makatekista pamoja. Akawapeleka vijana kadha wa kadha kusoma katika kisiwa cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao. Akaoa huku huku. Mwanawe Yosefu alipewa daraja ya upadri mwaka 1923. Atiman mwenyewe akatibu watu wa Karema na nchi za jirani hata alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka 67. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.

Sisi makatekista twajivunia kwamba alikuwa mwenzetu. Hata hivyo, mganga mmoja hawezi kutosha nchi nzima. Tena katika siku zile, nyumba ya uzazi ilikuwa nyumba ya wanawake, na haya ilimzuia mwanamume mlangoni, hata akiwa na ujuzi wa Malta. Mtu atauliza: Je, masista hawakuwako? Walikuwako. Lakini hapo ndipo penye habari ambayo wengi hawajapata kuisikia.

Sheria iliyofunga mikono ya masista

Kwa miaka mingi taratibu za Kanisa ziliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Sista aliweza kuosha vidonda vya mkoma, kumpa dawa mwenye homa, kumlea yatima aliyefiwa na mama. Lakini kumsaidia mama huyo asife wakati wa kuzaa, hapana. Sababu zao hazikuwa za upuuzi. Wakubwa waliogopa kwamba kazi hiyo haipatani na nadhiri ya usafi, tena kwamba italeta maneno ya watu. Waliipenda heshima ya watawa, wakataka kuilinda.

Waliotikisa mlango huo walikuwa wanawake waganga. Agnes McLaren, Mskochi, aliona kwamba katika Bara Hindi wanawake wengi Waislamu hawakuweza kutazamwa na mganga mwanamume, nao walikufa kwa kukosa mganga mwanamke. Akaanzisha hospitali ndogo huko Rawalpindi, mji ulio leo katika nchi ya Pakistani, akawa akiiomba Roma ibadili kanuni. Akafa mwaka 1913 kabla hajajibiwa. Anna Dengel, binti wa Austria, akafuata nyayo zake. Alikwenda Rawalpindi mwaka 1920, akiwa daktari kamili. Mwaka 1925, katika mji wa Washington, yeye na wenzake watatu walianzisha jamii ya wanawake wenye kazi ya uganga. Kwa sababu ya kanuni zile hawakuweza kuhesabiwa kuwa masista wenye nadhiri za hadharani. Wakangoja, huku wakifanya kazi.

Ndipo tarehe 11 Februari 1936 idara ya Roma ya Kueneza Imani ilipotoa maagizo mapya. Iliruhusu, wala si kuruhusu tu bali ilihimiza, kwamba katika nchi za misioni masista wajifunze uganga na ukunga, wapate vyeti vya kweli, wawahudumie mama na watoto wachanga. Mlango uliokuwa umefungwa kwa muda mrefu ukafunguliwa kwa barua moja.

Lakini barua haizalishi mtoto. Ilipasa masista wapelekwe shuleni, wafundishwe, wazoee. Mtu aliyefundishwa miaka ishirini kwamba jambo fulani halimfai mtawa hawezi kulipenda kwa siku moja kwa sababu barua imefika. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wametangulia katika kufundisha: huko Mengo, Daktari Albert Cook na mkewe Katharine walifungua chuo cha kufundisha wakunga wenyeji mwaka 1921. Hao waliona mapema kwamba mahali penye uhitaji wa wakunga elfu hapatoshelezwi na wageni wachache. Yapasa binti za nchi wenyewe washike kazi.

Yafaa tukumbuke jambo hili tunapowalaumu wengine kwa kuchelewa. Hofu ya Kanisa ilikuwa hofu ya watu wema, nayo ilichukua miaka. Na katika miaka hiyo kina mama walikufa wakingoja.

Kisu mikononi mwa wasaidizi

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wenyeji walikuwa 12 tu. Nchi haikuweza kungoja hata wapatikane mamia. Tangu mwaka 1963 serikali ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi, watu waliokuwa matabibu wenye uzoefu, wakaongezewa masomo, hata kazi ya kumpasua mama asiyeweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Katika nchi nyingi za dunia, madaktari wakubwa waliona jambo hilo ni la hatari: kisu cha daktari kitashikwaje na asiye daktari? Nayo ilikuwa hofu yenye maana, kwa kuwa kisu kibaya huua.

Jibu lake lilipatikana kwa kazi. Hospitali nyingi za wilaya na za misioni ziliendeshwa na watu hao usiku na mchana. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba haikuonekana tofauti kubwa kati ya mama waliopasuliwa nao na wale waliopasuliwa na madaktari kamili. Basi hofu ilisikilizwa, ikapimwa, ikajibiwa. Haikudharauliwa, wala haikufanywa kuwa sheria ya kuwaacha mama wafe.

Wakunga wa jadi walioitwa, kisha wakaachwa

Katika miaka ya 1970 zilianza kliniki za mama na mtoto kila mahali, na kina mama wakajifunza kuwapeleka watoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Katika miaka iliyofuata, wakunga wa jadi nao waliitwa kwenye mafunzo katika vijiji vingi. Walipewa wembe safi, uzi, sabuni; wakafundishwa kunawa mikono na kutambua dalili za hatari. Wengi walilionea fahari jambo hilo.

Mwaka 1987 wajumbe wa mataifa walikutana Nairobi kusema juu ya uzazi salama. Baadaye wataalamu wa dunia walizidi kuona kwamba mafunzo yale peke yake hayapunguzi vifo, kwa sababu damu inayomwagika na kifafa cha mimba huhitaji dawa, damu ya kuongezewa, na chumba cha upasuaji. Shauri likageuka: kila mama ajifungulie mahali penye muuguzi aliyesomea kazi, na mkunga wa jadi awe wa kumsindikiza tu. Mwaka 2007 serikali ilitoa mpango wa kujenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata.

Shauri lenyewe lilikuwa jema, nasi hatulipingi. Lakini namna ya kulitangaza haikuwa njema po pote. Bibi mzee aliyesifiwa jana aliambiwa leo kwamba ni mwenye hatia. Mahali pengine zilitungwa faini kwa mama aliyezaa nyumbani, hata kama zahanati ilikuwa mbali na mto umefurika. Mkunga aliyeaibishwa hivyo aweza kufanya mambo mawili: kusindikiza mama kwa moyo mzito, au kumzalisha kwa siri na kukawia kusema hatari ilipotokea. La pili ndilo linaloua.

Neno letu wenyewe

Hapa yatupasa kuungama kosa letu. Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, tuliitwa kumzika mama mmoja katika bonde la Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, yeye na mtoto wake katika kaburi moja. Watu walitusimulia kwamba muuguzi wa zahanati alimfukuza mkwe wa marehemu chumbani, akampigia mama kelele, kisha akamwacha. Tukasimama kaburini tukasema maneno makali juu ya wachungaji wa kondoo wanaokimbia. Jina hatukulitaja, lakini kila mtu alimjua.

Baada ya siku nane muuguzi yule alipanda mlima akatufuata nyumbani jioni. Akasalimu, “Shikamoo, Mwalimu,” akaketi. Hakulia wala hakugomba. Akahesabu kwa vidole. Usiku ule alikuwa peke yake. Wanawake wenye uchungu walikuwa watatu. Taa ilikuwa ya simu yake mwenyewe. Dripu ilikwisha kwa yule wa kwanza. Gari liliitwa, nalo lilikuwa upande wa pili wa mlima, na njia ilikuwa tope.

“Ni kweli, Mwalimu, nilimpigia kelele,” akasema. “Niliogopa, na mtu mwenye hofu hupaza sauti. Na mkwewe nilimtoa nje, kwa kuwa chumba ni chembamba, na ndivyo tulivyozoezwa. Lakini nafikiri sana: mama yule angaliachwa ndani, angaliiona damu mapema, angaliniita nilipokuwa kwa yule wa pili.” Halafu akanyamaza kidogo, akasema, “Maiti niliiosha mimi.”

Jumapili iliyofuata tuliomba radhi mbele ya wakristo. Hatukusema kwamba kelele ni jambo jema; mama mwenye uchungu hapaswi kufokewa, kama vile asivyopaswa kutajishwa majina ya zinaa. Tulisema kwamba tulihukumu bila kuuliza.

Tangu hapo tumesoma kwa uangalifu zaidi. Mwalimu mmoja wa chuo, Mmarekani, jina lake Adrienne Strong, alikaa muda mrefu katika hospitali moja ya mkoa wetu wa Rukwa, akawatazama wauguzi na madaktari katika kazi ya uzazi, akachapisha kitabu mwaka 2020. Aeleza jinsi wafanyakazi wanavyofanya kazi katika uhaba wa vitu, jinsi wanavyotakiwa kujaza karatasi nyingi, na jinsi wanavyojiona hawathaminiwi wala na wakubwa wala na watu. Karatasi zaweza kuwa kamili na mama akawa amekufa. Tuliposoma hayo tulimkumbuka yule muuguzi na vidole vyake.

Mwenzi chumbani

Lile neno alilolifikiri muuguzi wetu limekwisha kujaribiwa kwa jirani. Kati ya mwaka 2016 na 2018, katika mkoa wa Kigoma, shirika liitwalo Thamini Uhai liliweka katika vituo kadha desturi ya mama kuwa na mwenzi wakati wa uchungu: mtu wa kukaa naye, kumshika mkono, kumpa maji, kumwita muuguzi. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia nalo lilitoa shauri kwamba kila mama apate mwenzi amtakaye, na ahudumiwe kwa heshima.

Tendo hilo lilikuwa na wasiwasi wake. Chumba ni kimoja, na vitanda vimekaribiana. Ndugu wa huyu atamwona yule akiwa uchi. Wasiwasi huo ni wa kweli, nao hutatuliwa kwa pazia na kwa mpango, si kwa kukemea. Lakini wauguzi wa Kigoma walipoulizwa baada ya kulijaribu, walieleza kwamba mwenzi aliwapunguzia kazi, alimtuliza mama, akawaita upesi palipokuwa na shida. Waliodhaniwa kuwa mzigo wakawa msaada. Nasi twaona kwamba jambo hilo si geni. Wazee wetu hawakumwacha mama peke yake. Kilichokosekana kwao ni dawa na kisu. Kilichokosekana kwetu, tulipopata dawa na kisu, ni ule mkono mgongoni.

Tulipofika sasa

Hesabu za taifa zatupa tumaini. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa 63 katika kila 100, wakawa 81. Mwaka 2022 serikali ilianza kueneza nchini kote mpango wa m-mama, ambao kwa kupiga simu namba 115 mama hupatiwa usafiri, hata wa gari la mtu binafsi aliyekubali kazi hiyo pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Kwa watu wa milima na mabonde kama sisi, hilo si jambo dogo. Lakini mama wa kaburi la bondeni hatoki katika hesabu kwa sababu hesabu imepungua.

Basi parokia zifanye nini? Jumuiya na ziweke akiba ndogo kwa ajili ya safari ya mama mja mzito, na watu waijue ile namba kabla ya uchungu kuanza. Wakunga wazee wasiaibishwe. Na wawe wa kwanza kumsindikiza mama, wamshike mgongo kama zamani. Muuguzi akikosa, aambiwe kweli, na kamati ya zahanati ielezwe. Lakini aulizwe kwanza, wala asihukumiwe kaburini. Akifanya vema, ashukuriwe. Ni wangapi kati yetu waliorudi zahanati kusema asante?

Na mwisho tuna ombi moja. Katika daftari la ubatizo huandikwa majina ya wazazi na ya msimamizi. Tunawaomba walimu na wazee wa kila kigango waandike, katika daftari nyingine, majina ya wanawake na wanaume waliowapokea watoto wa kigango hicho: wakunga wa jadi, masista, wauguzi, na waganga. Wale wa zamani tuwaulize vikongwe kabla hawajaondoka. Kitabu cha jubilei ijayo kitakapochapishwa, majina hayo na yawemo.